Kombe, Ubani na Nguzo za Karnak

Nilifundisha historia ya sekondari kwa miaka 31, na Misri ya kale ndiyo mada niliyoipenda kuliko zote. Niliweza kuchora piramidi ubaoni bila kunyanyua chaki. Lakini nilipofika Misri kwa miguu yangu, baada ya kustaafu, aliyenifumbua macho ni rafiki yangu, fundi cherehani wa Tanga aliyeishia darasa la saba. Naandika habari hii kwa sababu nina deni kwake, na deni jingine kubwa zaidi kwa wanafunzi waliopita mikononi mwangu.

Tulifahamiana mwaka 1992, nilipopangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi. Mimi mtoto wa Mwanza, ndiyo kwanza natoka chuo, pweza hata kumgusa sijawahi. Nikapanga chumba kwa mama yake, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Yeye alikuwa na cherehani yake barazani, anashona huku anaimba, na jioni alinifundisha yale ambayo chuo hakikunifundisha: kukuna nazi, kumjibu mtu mzima, kukaa na watu. Baadaye alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, akakaa miaka minne, akarudi na Kiarabu cha kuongea na mambo mengine asiyopenda kuyasimulia. Mpaka leo yeye huniita mwalimu, mimi namwita shoga.

Safari tuliipanga muda mrefu. Kwangu fedha zilitoka kwenye kiinua mgongo. Yeye alicheza upatu miaka mitatu na wenzake wa sokoni, akaomba zamu yake iwe ya mwisho ili asije akaila. Tukaondoka Januari. Mimi nilikuwa na daftari nililoandika kila hekalu na kila saa, mpaka dakika za kukaa. Yeye alikuwa na khanga mbili za ziada na kichupa cha mafuta ya karafuu kwa ajili ya magoti yake.

Kairo nitaipita haraka. Piramidi ni kubwa kama watu wanavyosema, na ukisimama chini yake ni kubwa zaidi. Jambo lililobaki moyoni mwangu lilitokea ndani ya jumba la makumbusho la zamani, lile la uwanja wa Tahrir. Mimi nilikuwa nakimbilia ghorofani kuona barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun. Nikageuka, mwenzangu hayupo. Nikarudi nikamkuta amesimama mbele ya sanamu nyeusi ya mtu aliyechutama, sanamu ambayo wengi huipita tu.

Mtu yule anaitwa Djedhor, aliishi miaka mia tatu na kitu kabla ya Kristo. Mwili wake umejaa maandishi madogomadogo, yamebanana kama mshono wa kofia. Miguuni pake pana beseni lililochongwa kwenye jiwe. Rafiki yangu alikuwa amekwisha muuliza mlinzi, naye akamweleza: watu waliimwagia sanamu maji, maji yakapita juu ya yale maneno, yakakusanyika kwenye beseni, na aliyeumwa na nyoka au nge akayanywa.

"Mwalimu," akaniambia taratibu, "hili kombe."

Kwa wasomaji wa bara ambao hawajaliona: shehe huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, mara nyingi maji ya waridi, na mgonjwa akayanywa yale maji. Mama yake mwenyewe alinipa kombe mwaka ule wa kwanza, nilipolala na homa wiki nzima. Mimi Mkristo, lakini nilikunywa, maana mtu anayekuuguza kama mwanawe humkatalii.

Nikamjibu mbiombio kwamba haviwezi kuwa kitu kimoja, dini nyingine, zama nyingine. Hayo yote ni kweli, ila yeye hakuwa amesema ni dini moja. Alisema tu kwamba anakijua kitendo: neno likaandikwa, maji yakalipitia, mtu akayanywa apone. Nilikuwa nimefundisha tiba ya Misri ya kale mbele ya watoto wa Tanga, nusu ya darasa wamekunywa kombe majumbani kwao, na neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwangu. Somo lilikuwa la Kiingereza. Kombe halina Kiingereza.

Usiku wa siku hiyo tukapanda treni kwenda kusini. Kutoka Kairo mpaka Aswan reli ina karibu kilomita 880, na Luxor iko mbele kidogo ya robo tatu ya njia. Kulipopambazuka nikaona kile nilichokuwa nachora ubaoni kwa chaki ya kijani: ukanda wa mashamba, miwa, mitende, punda na mtu juu yake, halafu ghafla, bila kuaga, jangwa. Mpaka wa shamba na mchanga ni mkali kiasi kwamba unaweza kusimama mguu mmoja kwenye majani na mwingine kwenye vumbi. Rafiki yangu akatazama sana. "Kumbe nchi yenyewe ni nyembamba kama upindo," akasema.

Karnak ndiko nilikomkosea.

Karnak ni hekalu kubwa la Luxor, na mle ndani kuna ukumbi wa nguzo 134, uliojengwa hasa enzi za Farao Seti I na mwanawe Ramesses II. Nguzo 12 za katikati zina urefu wa karibu mita 21, na watu wazima kadhaa wakishikana mikono ndio wanaweza kuizunguka moja. Ukiinua uso unaona juu kabisa, kwenye sehemu ambazo jua na mvua havikufika, rangi bado ipo: nyekundu, buluu, manjano. Nilitembea huku nalia, sioni haya kusema. Nimelifundisha jengo hili kutoka kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kadi ya simu.

Daftari langu lilitupa saa moja na nusu. Saa mbili zilipita na mwenzangu hajafika kwenye ziwa takatifu tulipoahidiana. Nikamfuata. Yuko kwenye ukuta wa nje, ameinama, anachungulia mifereji iliyochimbika kwenye jiwe la mchanga, mirefu kama kidole, mingine imeingia ndani kiasi cha kuficha nusu ya mkono. Mimi, kwa jua na uchovu na hofu ya ratiba, nikamkaripia mbele ya watu. Nikamwambia hatukuvuka bara zima kuja kutazama mikwaruzo.

Hakunijibu. Alijifunga khanga vizuri, akanifuata. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba kimya kile si kimya cha kukubali.

Jioni, hotelini, mzee wa mapokezi ndiye aliyetueleza mikwaruzo ile. Kwa karne nyingi, baada ya miungu ya kale kuachwa, watu wa kawaida waliendelea kuja kukwangua kuta za mahekalu. Ile unga ya jiwe waliichanganya na maji wakanywa, au wakampa mwanamke asiyepata mtoto. Wengine hawakujua hata jina la aliyejenga, walijua tu mahali pale pana baraka. Rafiki yangu aliitafsiri habari yote kwa upole, neno kwa neno, kama vile hakuna kilichotokea baina yetu. Ningependa angenisema.

Usiku ule ule tukaenda hekalu la Luxor, ambalo huwashwa taa. Linaungana na Karnak kwa njia ya sanamu za simba wenye vichwa vya watu, urefu wake kama kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya Novemba 2021. Mbele ya lango pana nguzo moja ndefu ya jiwe yenye ncha, na nafasi tupu upande wa pili. Pacha wake yuko Paris, alisimamishwa kule mwaka 1836.

Ukiingia uani, tazama kushoto juu. Kuna mlango unaoning'inia hewani, mita nyingi kutoka sakafuni. Ule ni mlango wa msikiti wa Abu Haggag. Msikiti ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga na vifusi, kwa hiyo mlango ule ulikuwa usawa wa ardhi ya siku hizo. Wachimbaji walipoondoa vifusi karne ya 19, msikiti ukabaki juu, na watu wanaswali mle mpaka leo. Kabla ya msikiti palikuwa na kanisa, na kabla ya kanisa ndiyo hekalu la Amenhotep III, miaka 1,300 na zaidi kabla ya Kristo.

Adhana ya isha ikalia tukiwa ndani ya ua. Sauti ikazunguka kwenye nguzo. Rafiki yangu akazunguka nje kwenda kuswali, mimi nikamngoja kwenye ngazi. Aliporudi macho yake yalikuwa yanang'aa. Akasema ndani ya msikiti mna nguzo zenye maandishi ya Firauni, yeye husema Firauni, mimi nasema Farao, na watu wanaswali kando yake bila wasiwasi.

"Hapa hapajawahi kunyamaza," akasema. "Wamebadilisha jina la wanayemwomba, lakini hapajawahi kunyamaza."

Nikalifunga daftari langu siku hiyo. Sikulifungua tena mpaka Aswan.

Ng'ambo ya magharibi ya mto, kwenye makaburi, ningeweza kuandika kurasa nyingi, lakini nitasema mambo mawili tu.

La kwanza ni hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri karibu miaka 3,500 iliyopita. Ukutani ameonyesha msafara wake wa merikebu kwenda nchi ya Punt, pande za kusini mwa Bahari ya Shamu. Unaona samaki wa baharini, nyumba zilizojengwa juu ya nguzo na ngazi za kupandia, na watu wanaobeba miti mizima ya uvumba, mizizi ikiwa kwenye vikapu, wakipanda nayo ubao kuingia merikebuni. Kuna nyani, pembe za ndovu, na magogo meusi.

Nilimweleza kwamba ile ni miti ya kutoa utomvu wa kufukizia mahekalu. "Ubani," akasema, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Na yale magogo?" Nikasema ni mti ambao Wamisri waliuita hebeni, na hapo ndipo Waingereza walipopata neno lao. "Mpingo," akasema.

Naam, mpingo. Hebeni ya Misri ya kale, ile ya vitanda na viti vya wafalme, ndiyo huu mpingo wetu wanaouchonga Wamakonde. Nilikuwa nalijua jina lake la kitaalamu. Nilikuwa nalijua jina la Kiingereza, nimeliandika ubaoni mara mia, nikawataka watoto walikariri pamoja na dhahabu na pembe za ndovu. Wapo waliokuwa na mwiko au kinyago cha mpingo nyumbani kwao. Wakakariri, wakafaulu mtihani, wakaondoka wakidhani ni mti wa nchi nyingine.

La pili ni kijiji cha Deir el-Medina. Hapa hapakai wafalme. Ni misingi ya nyumba ndogondogo zilizobanana, za mafundi waliochimba na kupaka rangi makaburi ya kifalme. Hawa waliandika sana, kwenye vipande vya mawe ya chokaa na vigae: madeni, ugomvi, nguo zilizopelekwa kwa dobi, barua za mapenzi. Na hapa sasa zamu ilikuwa yangu kutambua, maana moja ya mawe hayo ni daftari la mahudhurio. Liko London, British Museum, na ni la mwaka wa 40 wa Ramesses II. Majina yamepangwa kwa safu, na juu ya tarehe imeandikwa kwa wino mwekundu sababu ya mtu kutofika kazini. Huyu anaumwa macho. Huyu kaumwa na nge. Huyu anapika pombe. Huyu anamtengeneza mama yake maiti.

Kwa miaka 31 nimeandika madaftari ya namna hiyo. Najua uzito wa kalamu unapofika kwenye jina la mtoto na kuandika kwamba amefiwa na mama. Aliyeandika lile jiwe ni mwenzangu wa kazi, naye ametangulia miaka zaidi ya 3,200.

Kijiji hichohicho ndicho kilichofanya mgomo wa kwanza wa kazi unaojulikana kwa maandishi, mwaka wa 29 wa Ramesses III. Mshahara wao ulikuwa nafaka, na nafaka ilikuwa haiji. Wakaweka vyombo chini, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu, wakasema wana njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga. Mtu yeyote aliyewahi kudai malimbikizo yake atajua ile orodha imetoka wapi. Tulikaa juu ya ukuta mmoja wa chini, tukala mikate na jibini tuliyonunua asubuhi, hatukuzungumza sana.

Njiani kwenda Aswan tulipita Edfu, hekalu la Horus, zima kuliko mengine yote. Lilianzwa mwaka 237 kabla ya Kristo na kukamilika mwaka 57; waliochimba msingi walikufa, na wajukuu zao wakafa, kabla mlango mkubwa haujawekwa. Karne ya 19 mchanga ulikuwa umelijaza, na juu ya paa watu wamejenga nyumba zao na mabanda ya mifugo. Kom Ombo wana mamba waliokaushwa, wamepangwa kama samaki sokoni. Nilifurahi kuwaona, basi.

Kwa watakaokwenda, haya machache. Bebeni noti ndogondogo, maana bakshishi ni ileile bakshishi yetu, kwa jina na kwa tabia. Dereva mmoja alitupitisha kwenye duka la mawe ya mapambo ambalo hatukuomba, akatungoja mpaka tununue. Tulikaa ndani ya gari tumekunja mikono hadi akachoka yeye. Sokoni msiogope. Sukari ni sukkar, samaki ni samak, sita, saba na tisa zinaeleweka, na ukisema "ghali" kwa kukunja uso hutahitaji tafsiri. Januari asubuhi ni baridi kweli. Zile khanga mbili za ziada tulizitumia zote.

Aswan ndipo mto unapokuwa mzuri. Maji yanapita katikati ya mawe makubwa ya matale yaliyolainika kama migongo ya viboko, na ng'ambo mchanga wa rangi ya manjano unashuka hadi majini. Tulikodi faluka, mashua yao ya tanga, mchana kutwa. Mimi mtoto wa ziwa. Nilikuwa nimejiandalia sherehe yangu ya kimoyomoyo, ya kutia mkono ndani ya maji yaliyotoka Mwanza. Nikautia. Halafu nikajilazimisha kukumbuka nilichokuwa nafundisha: sehemu kubwa kabisa ya maji yanayofika Aswan hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na mafuriko yaliyoleta tope la rutuba yalikuwa yao. Letu ni fungu dogo, ila halikauki. Miezi ya kiangazi ndilo lililobeba mto. Nilipomwambia rafiki yangu akacheka, akasema basi Mwanza ni kama shangazi wa kijijini, haleti zawadi kubwa lakini hakosi kuja.

Yeye alikuwa hatazami maji. Alikuwa anatazama tanga. Baba yake alikuwa nahodha wa mashua pale Tanga, na kabla hatujatoka gatini alishaelewa kila kitu: mlingoti mfupi, foromali ndefu, tanga la pembe tatu. Upepo huku hutoka kaskazini karibu siku zote, na mto hutiririka kwenda kaskazini. "Wana kaskazi mwaka mzima hawa," akasema. "Wakienda juu wanatweka tanga, wakirudi wanalikunja wanaachia mkondo. Nahodha gani asingependa?" Nikashtuka. Katika maandishi ya kale ya Misri, neno la kusafiri kusini huchorewa mashua yenye tanga lililotwekwa, na neno la kusafiri kaskazini huchorewa mashua isiyo na tanga. Nilihitaji kitabu kuelewa hivyo. Yeye alihitaji kukaa ndani ya faluka dakika kumi.

Tulipokuwa tunabisha kurudi nikamwambia, "Shoga yangu, nisamehe kwa maneno ya Karnak."

Akanyamaza kidogo. "Uliniambia tunachelewa," akasema. "Nikawa najiuliza, nani anatungoja?" Halafu akanipa chungwa alilokuwa amelimenya.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda hekalu la Isis la Philae, na pale mimi ndiye niliyechelewesha. Kwenye lango la Hadrian pana maandishi ya picha ya tarehe 24 Agosti 394, ya mwisho yenye tarehe yanayojulikana. Baada ya hapo mkono ule uliokuwa ukiandika zaidi ya miaka 3,000 ukanyamaza, na hakuna aliyeweza kusoma mpaka karne ya 19. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Rafiki yangu alikaa nami, akauliza swali moja tu, kama aliyeandika alijua kwamba baada yake hapatakuwa na mwingine.

Mchana wa siku hiyo tukavuka kwenda kisiwa cha Elephantine. Kuna ngazi za kale zinazoshuka mtoni zikiwa na alama za kupimia kina. Maji yakipanda vya kutosha mavuno yalikuwa mazuri, na maofisa walipanga kodi kwa kufuata alama. Nyuma yake ni vijiji vya Wanubi, nyumba za udongo zilizopakwa buluu na manjano. Nje ya kila nyumba pana kiti kirefu cha udongo kilichoshikana na ukuta. Mama mmoja wa makamo ya uzeeni alikuwa amekaa hapo, akamtazama rafiki yangu, akamsemesha Kinubi akidhani ni wa kwao. Alipogundua si wa kwao akagonga kile kiti kwa kiganja, akasema, "Mastaba, mastaba," yaani kaeni.

Mastaba! Neno hilo nimelifundisha kama aina ya kaburi, lile la kabla ya piramidi. Kumbe makaburi yale yalipewa jina hilo kwa kuwa yanafanana na kiti cha nje ya nyumba. Ni baraza. Siku zote hizo lilikuwa neno la baraza.

Tukanywa chai ya choya, nyekundu kama damu. Rafiki yangu alimwita hajjati, akamuuliza habari za kwao. Akatueleza. Alizaliwa kusini zaidi, kijiji ambacho sasa kiko chini ya Ziwa Nasser. Bwawa kuu la Aswan lilipoanza kujengwa mwaka 1960 ilijulikana kwamba sehemu kubwa ya nchi ya Wanubi itazama. Miaka ya 1963 na 1964 watu wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa kupelekwa karibu na Kom Ombo, mbali na mto. Na wa upande wa Sudan wengine wengi hivyo hivyo. Yeye alikuwa na miaka minane. Siku ya kuondoka mama yake alifagia nyumba vyumba vyote, akamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, akafunga mlango kwa ufunguo wa mti, akauchukua. Watu walikwenda makaburini kwanza. Kisha wakapanda boti.

Aliinuka akaingia ndani, akarudi nao. Ni kipande cha mti kirefu kama mwiko, chenye vijiti mwishoni, kimelainika kwa kushikwa. Akamwekea rafiki yangu mkononi. Rafiki yangu aliushika kwa mikono miwili, muda mrefu, bila kusema neno. Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake.

Kesho yake saa kumi alfajiri tukapanda basi la Abu Simbel, karibu kilomita 280 za jangwa tupu. Sanamu nne za Ramesses II zimekaa zikitazama ziwa, kila moja mita 20 hivi. UNESCO iliuita ulimwengu mwaka 1960 uje kuyaokoa mahekalu yasizame ziwani, na kati ya 1964 na 1968 mlima ule ulikatwa vipande, ukapandishwa mita 65 juu na kupangwa upya kwa ustadi kiasi kwamba jua bado huingia mpaka chumba cha ndani kabisa mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Ukikaza macho unaona mistari ya msumeno. Ni kazi ya ajabu na ninashukuru ilifanyika.

Rafiki yangu alisimama mbele ya ile miguu ya mawe, akageuka akalitazama ziwa. "Mwalimu, na makaburi ya kina mama yule, nayo yalipandishwa?"

Nilikuwa na mita, tani na miaka, zote kichwani. Nikamshika mkono tukaenda kukaa ukingoni, tukatazama maji mpaka basi lilipotupigia honi.

Mwaka huu shule moja hapa Mwanza iliniomba nisaidie vipindi vya historia, mwalimu wao akiwa likizo ya uzazi. Mada ya kwanza ikawa Misri. Sikuchora piramidi. Niliweka chaki chini, nikauliza kwa Kiswahili ni nani kwao amewahi kuona ubani ukichomwa. Mikono mingi. Nani kwao wana kitu cha mpingo? Mikono kadhaa. Nani amewahi kunywa kombe? Wakatazamana. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, msichana mmoja mwenye ushungi mweupe akanyanyua mkono nusu, kama asiye na hakika kama swali hilo linaruhusiwa darasani.

Nikamwomba aje mbele atueleze linavyoandikwa.